Mkalimani wa Posa

Mwenye kituo aliniambia ni kazi nyepesi. Familia moja ya hapa, nyingine ya ng'ambo, vijana wanataka kuoana, na wazee hawaelewani lugha. "Wamekutaja wewe," alisema. "Wametaka waletewe Ticha, si mwingine." Nami nikajiona nimekuwa mtu, jina langu linatembea mjini kabla ya miguu yangu. Nikavaa gauni langu la kijivu, nikabana nywele, nikaenda.

Nilikuwa na furaha zangu siku hiyo, wacha niseme ukweli. Jana yake, Mwanafunzi wangu alikuja chumbani kwetu, mama yangu anapowapigia watu pasi, na shati jeupe jipya. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtoto mchanga, akamwambia, "Mama, kesho nina jambo kubwa. Nipigie hili wewe mwenyewe." Alipoondoka tu, mama alinikata jicho, akacheka peke yake, akasema, "Mwanangu, kesho tunaletewa ugeni." Asubuhi nilimwacha akifagia hadi mlango wa jirani. Alikitoa nje kiti chetu kimoja chenye mgongo akakifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kitambaa kikavu, akaniambia nisichelewe kurudi.

Kwa hiyo nilipopanda ngazi za nyumba ile, juu ya duka la samani, nilikuwa nahesabu muda wa kurudi. Nyumba sikuijua. Mwaka mzima wa mapenzi na Mwanafunzi hakuwahi kunionyesha kwao. Kila nikiuliza alikuwa ananiambia, "Kwetu kuna maneno, Ticha, subiri kidogo," nami nikasubiri.

Nikasukuma mlango wa sebule. Shati nililiona kabla ya uso. Kola ile naijua, mama huisimamisha kidogo nyuma ili isimlalie mtu shingoni. Ndani ya shati alikuwemo yeye, amekaa katikati ya kochi la watu watatu ambalo bado limevaa nailoni ya dukani. Aliinua macho akaniona. Rangi ilimtoka.

"Karibu, Ticha," alisema mwanamke aliyesimama dirishani akivuta pazia. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mtaa mzima walimwita Bi Mkubwa, na pua ya mwanawe ilikuwa pale pale usoni pake. "Wageni bado wananawa mikono. Njoo nikuonyeshe pa kukaa."

Alinionyesha kistuli cha plastiki katikati ya makochi. Kisha akanisogelea, karibu kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali.

"Unashangaa nini? Nimekuita nikijua nani namwita."

"Ungeniambia tu, Bi Mkubwa. Nisingekuja."

"Ningekuambia mara ngapi? Watu wa aina yenu mkiambiwa, mnasikia leo, kesho mmesahau. Nimeona bora uyatamke kwa kinywa chako mwenyewe. Mtu hasahau alichokitamka."

"Na mwanao alijua kuwa unaniita?"

"Mtazame, uone."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia zulia. Hakujua, hilo lilikuwa wazi. Lakini sasa alijua, na bado alikuwa amekaa.

Ningeweza kugeuka. Ngazi zilikuwa pale pale nilipoziacha. Lakini moyo una ukaidi wake, na wangu uliniambia kitu kimoja: kama kijana huyu ananipenda, mahali pa kulisema ni hapa, mbele ya mama yake. Asiposema hapa, hatasema popote. Nikajikaza kisabuni, nikakaa kwenye kile kistuli.

Niwaeleze kidogo kazi yangu, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyoumia. Mkalimani hana mimi yake. Mzee akisema "mimi nimekasirika," na mimi nasema "mimi nimekasirika," sisemi "mzee amekasirika." Mtu akitukana, natukana. Akilia, nasema kilio chake. Siongezi chumvi, sipunguzi pilipili. Ukiona mkalimani ameanza kuweka maneno yake, huyo mwondoe, ameshaharibu kazi. Mimi mwenyewe huwafundisha hivyo wanaoanza, na huwa mkali.

Na niwaeleze nilivyompata Mwanafunzi. Mwaka uliopita aliletwa kituoni na maagizo ya mama yake. Kiingereza cha kawaida alikuwa nacho. Alichotakiwa kujifunza ni Kiingereza cha watu wakubwa, maneno ya ukoo na daraja: aliyezaliwa juu anaitwaje, aliyezaliwa chini anaitwaje, mwenye cheo cha kurithi anasalimiwaje, na aliyepanda jana anasemwaje akiwa hayupo. Mimi nilicheka, nikadhani ni maringo tu ya watu wenye duka. Tukaanza. "Well-born", mtu wa mlango mkubwa. "Low-born", mtu wa ukoo duni. Hili la pili lilimshinda mwanzoni, alikuwa analimeza mwishoni, nami nikamrudisha na kumrudisha mpaka likamkaa mdomoni sawasawa.

Alikuwa na tabia moja. Akikwama neno, hugonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kisha hunitazama midomo. Nami humwanzishia sauti ya kwanza tu, neno akalimalizia. Tulifika mahali nikawa naombea akwame. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "betrothed". Nilimweleza kuwa ndivyo watu wa nyumba kubwa wanavyomwita mchumba, yule aliyekwisha kuahidiwa, ambaye ahadi yake haivunjiki bila aibu. Tangu siku ile akawa ananiita hivyo. Barabarani, kwenye simu, mbele ya mama yangu ambaye haelewi. "Mama, mwite betrothed wangu." Mama naye huniita, kwa matamshi yake mwenyewe, tukacheka mpaka machozi.

Sasa, nikiwa kwenye kistuli, nikaelewa masomo yale yalikuwa ya nani.

Wageni wakaingia. Shangazi mtu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na alikaa bila kuegemea. Binti alimfuata, mpole wa mwendo, si wa macho. Alimsalimia Mwanafunzi, akanisalimia na mimi kwa kunipa mkono, jambo ambalo Bi Mkubwa aliliona na hakulipenda. Shangazi alikuwa amekuja kuikagua nyumba kabla ya kuitikia posa, na hakuficha. Alikagua feni, akakagua kochi, akakagua picha kubwa ya ukutani yenye fremu ya rangi ya dhahabu.

Bi Mkubwa akaanza.

"Mwambie mgeni kwamba sisi si watu wa kuokota. Mtoto huyu ametoka mlango mkubwa. Yule pichani ni babu wa babu yake. Akipita yeye, watu walikuwa wanasimama."

Nikageuka kwa Shangazi, nikasema kwa Kiingereza kuwa sisi si watu wa kuokota. Kwenye mlango mkubwa nikaweka "well-born".

Shangazi akavaa miwani, akaitazama picha, akaivua. "Kila mwenye duka ana babu wa namna hiyo ukutani," alisema. "Mimi nauliza kuhusu 'pedigree' ya kijana. Tunaijuaje?"

Hapo nikaponzwa. Neno lile tuliwahi kulifanyia kikao kizima cha utani, maana wenye lugha wenyewe wanalitumia pia kwa mbwa na farasi wao. Niliinua macho bila kutaka, nikamkuta Mwanafunzi naye ameinua, pembe ya mdomo inamcheza. Kwa muda mfupi tulikuwa darasani tena, yeye na mimi, na dunia yote iko nje. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote. Nayasema haya nikijua hayanisaidii.

"Anauliza kuhusu nasaba ya kijana," nilimwambia Bi Mkubwa. "Anasema kila mwenye duka ana babu ukutani."

"Nasaba? Ananiuliza nasaba ndani ya nyumba yangu, juu ya kochi langu?"

"Niitafsiri hiyo?"

"Wewe tafsiri unachoambiwa. Mwambie hata wao hicho cheo wanachoringia walipewa, hawakuzaliwa nacho mkononi. Na aliyepewa naye aliomba."

Nikatafsiri. Shangazi hakupepesa. Alisema, "Mwambie mama kwamba walioomba wamekuwa wakiombwa kwa vizazi vitano. Leo ni yeye anayeomba." Nikatafsiri hiyo pia, kama ilivyo, na nilimwona Bi Mkubwa akiuma meno. Wakaendelea hivyo, mmoja akirusha na mwingine akirudisha, na kila jiwe lilipita mdomoni mwangu. Mikono yangu ilikuwa imetulia mapajani. Nilikuwa naifanya kazi vizuri, na aibu yangu ni kwamba nilijivunia.

Kisha Shangazi akaweka glasi yake chini.

"Kuna jambo," alisema. "Mtu wetu aliulizia mtaani. Ameambiwa kijana ana mwanamke. Sitampeleka binti wa kaka yangu kwenye nyumba yenye mwanamke wa pembeni. Nataka nijue ni nani na ni wa daraja gani."

Nikamgeukia Bi Mkubwa, nikayasema yote.

Bi Mkubwa akatabasamu. Alikuwa amelisubiri swali lile kama mtu anayesubiri chakula chake alichokwisha kukiagiza.

"Mwambie taratibu, kipande kwa kipande, asikose hata kimoja. Kalikuwepo kabinti fulani. Mama yake dobi. Wanaishi chumba kimoja, humo humo wanalala, humo humo wanaanika nguo za watu. Baba hajulikani alikoelekea. Kalimganda mwanangu. Kalidhani kujua Kiingereza ndiyo kuwa na ukoo. Tumeshakafukuza."

Kila kipande alinitazama usoni. Na mimi kila kipande nikakipeleka. Kiingereza hakina dharau ndogo ndogo kama ile aliyoiweka mbele ya kila neno, ikabidi niitafute kwingine ili isipotee njiani. Nilisema mama yake ni mfua nguo. Nilisema baba yake aliondoka. Baba yangu kweli aliondoka, sijui Bi Mkubwa alikotoa habari hiyo kama si kwa mtu mmoja tu niliyemwambia, na huyo mtu alikuwa amekaa mbele yangu akivuta uzi wa kifungo cha shati lake. Nilisema, "Tumeshamfukuza," kwa sauti ya mtu aliyefukuza.

Shangazi alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Binti wa mfua nguo hakuwa tishio kwake.

Lakini binti hakuwa ameridhika. Alikuwa hajasema kitu tangu salamu. Akamgeukia Mwanafunzi, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, "Wengine wamesema. Nataka kukusikia wewe. Alikuwa nani kwako?"

"Anauliza nini?" Bi Mkubwa akadakia.

"Anamuuliza, 'Alikuwa nani kwako?'"

"Mjibu, baba," alimwambia mwanawe. "Mjibu mchumba wako aridhike."

Mwanafunzi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Kisha mkono wake ukashuka kwenye meza ya kioo, na kifundo cha kidole kikagonga, mara mbili. Akanitazama midomo.

Nilijua neno analolitafuta. Lilikuwa moja tu, nami nilikuwa na sauti yake ya kwanza imekaa tayari nyuma ya meno. Ningekutanisha midomo tu, angelidaka. Mwaka mzima sikuwahi kumnyima. Shingo yangu yote ilitaka kuinama mbele kumsaidia.

Sikumsaidia. Nilikaa na midomo yangu kama ilivyokuwa, nikamtazama machoni, nikasubiri. Neno alikuwa nalo. Alikuwa ameniita kwa hilo hilo juzi, akinivusha barabara.

Nje pikipiki ilipita. Bi Mkubwa aliacha kujipepea.

"Nobody," alisema Mwanafunzi. Kisha, kama anayeona haikutosha, akaongeza, "A low-born girl."

Aliyatamka vizuri. Hakumeza mwisho, hakuvuta mwanzo. Ni matamshi niliyoyarudia naye mpaka koo likaniuma, na laiti angeyasema darasani ningempa alama zote.

"Amesemaje?" aliuliza Bi Mkubwa. Nadhani alijua. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Hakuwa mtu," nilisema. "Msichana wa ukoo duni."

"Sijasikia vizuri. Rudia."

"Hakuwa mtu," nikarudia, kwa sauti ya kufika ukutani kwa yule babu. "Msichana wa ukoo duni."

Yaliyofuata yalikuwa ya tarehe na wageni wangapi na nani atakaa wapi, nami niliyatafsiri yote bila kukosea. Sikumtazama tena Mwanafunzi. Nilitazama kola. Mama yangu alikuwa amefanya kazi nzuri, haikuwa na hata mkunjo mmoja.

Wageni waliposimama kwenda kuonyeshwa vyumba vingine, Bi Mkubwa alinisindikiza hadi mlangoni. Alikuwa na raha ya mtu aliyemaliza kupalilia.

"Umeyatamka?"

"Nimeyatamka."

"Basi sasa hutasahau. Siku ya harusi nitakuita tena. Unafanya kazi nzuri, mimi si mtu wa kunyima sifa."

"Tafuta mwingine, Bi Mkubwa. Wewe umepata mkwe wa juu, tafuta na mkalimani wa juu."

"Una ulimi."

"Ndiyo uliouomba."

Alifunga mlango. Nilikuwa nimeshuka ngazi kidogo nilipousikia ukifunguliwa tena, na hatua ninazozijua zikanifuata.

"Ticha, subiri."

Nikasimama, maana miguu ilisimama yenyewe. Akaja mpaka ngazi ya juu yangu, mkono kwenye chuma cha kushikia.

"Naapa sikujua kama mama amekuita wewe," alisema.

"Hilo nimeliona. Ndiyo maana nilikaa."

"Nilikwama, Ticha. Uliniona nimekwama. Mbona hukunisaidia?"

"Ulikuwa umekwama wapi? Maneno yalitoka mazuri kabisa."

"Usinifanyie hivyo. Ningesema nini mbele ya mama? Ungetaka presha impande afie pale kwenye kochi?"

"Mama yako hana presha. Mwenye presha ni mama yangu, naye saa hizi amekaa mlangoni anakusubiri."

Alinitazama bila kuelewa. "Ananisubiri mimi? Kwa nini?"

"Si ulimwambia una jambo kubwa? Shati ulimpa kwa mikono miwili. Amefagia mpaka kwa watu."

Nilimwona akitafuta jana yake, akaipata, akashusha pumzi. Na alichosema, nadhani hakukipima, kilimtoka tu.

"Mimi nilitaka nipendeze, Ticha. Hakuna mtu mjini anayepiga pasi kama mama yako."

Sikulia. Wengi wangelia, na mimi mwenyewe nilishangaa. Nilihisi kama mtu aliyekuwa ameshika mzigo akasikia kamba imekatika, mikono ikabaki miepesi na yenye maumivu.

"Nisikilize," alisema, akashuka ngazi moja. Harufu yake ilinifika, na pasi ya kwetu ndani yake. "Hii ni ndoa ya wazee. Yule ni wa ukoo, wewe ni wa moyo. Hakuna kitakachobadilika. Nitakutafutia chumba kizuri, wewe na mama, muache ile kazi. Nitakuwa nakuja."

"Utakuwa unakuja."

"Kila nikipata nafasi."

"Kwa hiyo moyo wako nao una chumba cha uani."

"Ticha, mimi nakupenda. Unajua."

"Najua. Ndicho kinachoniuma. Ungekuwa hunipendi ningesema umedanganya mwaka mzima, ningekutukana, yakaisha. Lakini unanipenda, na umesema vile. Baba yangu nilikusimulia wewe peke yako, gizani, nikiwa nimekushika mkono. Leo nimemkuta mdomoni mwa mama yako."

"Aliniuliza. Aliniuliza mara nyingi."

"Na siku hiyo hukukwama."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mtu aliyeona msala wenye nakshi humwambii kitu. Nilikuwa nageuka niondoke mlango ulipofunguliwa mara ya pili. Alikuwa yule binti, peke yake, viatu mkononi, ametoka kimyakimya ili shangazi yake asisikie.

Alitutazama wote wawili. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua bei kabla ya kufungua pochi.

"Alipokwama alikutazama wewe," aliniambia kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia yeye. "Ni huyu?"

Mwanafunzi alimtazama binti, akautazama mlango wa nyumba alimokuwa mama yake, akanitazama mimi. Nikasikia kifundo cha kidole kwenye chuma cha ngazi. Mara mbili.

"Usinitazame midomo," nilimwambia kwa Kiswahili. "Jibu mwenyewe."

"Umemwambia nini?" binti aliniuliza.

Na kazi ni kazi. "Nimemwambia ajibu mwenyewe," nikamtafsiria.

Nikashuka. Nilishuka polepole, siwezi kuwadanganya. Kila ngazi nilitega sikio, na kila ngazi nilimpa nafasi nyingine, kwa ujinga wa mtu anayependa. Nilisikia kidole kikigonga chuma tena, na tena. Mpaka naufikia mlango wa barabarani sikusikia neno.

Nyumbani, mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amevaa gauni lake la kutokea. Pasi ilikuwa imezimwa mapema. Nguo za watu zilikuwa zimesukumwa upande mmoja wa kamba na kufunikwa shuka ili mgeni asizione. Kiti kile chenye mgongo kilikuwa nje, peke yake, kinang'aa.

Akatazama nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

"Yeye yuko wapi? Shati lilimkaa?"

"Lilimkaa vizuri sana."

Mama yangu si mtu wa kuzungushwa. Aliniangalia kama anavyoangalia doa kwenye kitambaa cheupe, akitafuta limetokana na nini. "Niambie," alisema. "Kama lilivyo. Usinipunguzie."

Nikamwambia. Sikuongeza, sikupunguza. Nilimwambia la Bi Mkubwa na la dobi na la baba, nikamwambia swali la binti, nikamwambia kidole kwenye kioo. Nilipofika kwenye jibu nililisema kwa Kiingereza kwanza, sijui kwa nini, kisha kwa Kiswahili.

Mikono ya mama, iliyoungua ukubwani na utotoni, ilikuwa inalainisha gauni magotini, inalilainisha mahali palipokwisha kunyooka.

"Na wewe ulisema nini?" aliuliza.

"Nilitafsiri."

"Hilo nimelisikia. Wewe ulisema nini?"

Nikafikiri. Mchana kutwa nilikuwa nimesema mimi, mimi, mimi, na karibu yote yalikuwa ya watu.

"Nilimwambia ajibu mwenyewe."

"Akajibu?"

"Hakujibu, mama."

Akatikisa kichwa. Akainuka, akaenda kulivuta lile shuka kwenye kamba, nguo za watu zikaonekana tena. Akachomeka pasi. Kisha akakishika kile kiti cha mgeni kwa mgongo, nikadhani anakirudisha ndani, lakini alikigeuza tu kinielekee mimi.

"Basi kaa wewe," alisema. "Kimeshafutwa."